Mkwe Aliyeshuka Mapema

Tuliachana Jumamosi iliyopita nikiwa katikati ya kilima juu ya Ngaramtoni, nimeshika usukani wa pikipiki kuukuu niliyoifufua sebuleni kwangu, nimegeuza shingo upande wa kushoto kumwuliza mama mkwe kama upepo haumsumbui.

Kushoto hapakuwa na mama mkwe. Hapakuwa hata na kigari alichokuwa amekalia.

Kwa aliyenunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Ezra, ni wakala wa bima, nakaa Njiro. Ndiyo, bima. Kutwa nazunguka maofisini nikiwaambia watu wazima kwamba ajali haipigi hodi. Mke wangu Namelok alikuwa amerudi kwao kwa sababu injini ililala juu ya meza yetu ya chakula tangu Kwaresima, na kwa sababu nilichemsha mnyororo kwenye sufuria yake ya pilau ili uchafu utoke. Mama yake alishuka mjini kusikiliza kesi. Nami, badala ya kuomba radhi kama mtu mwenye akili timamu, nilimwomba apande kigari cha pembeni nilichokiunda kwa mikono yangu, nimrudishe kwake mlimani, ashuhudie kwamba binti yake hakuolewa na mwendawazimu.

Sasa shahidi alikuwa ametoweka.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nilihisi jambo lenyewe lilipotokea. Pikipiki ilikuwa inapanda ikilia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, mara ikawa nyepesi, ikaruka mbele. Nikatabasamu. Nikajiambia kwamba kabureta niliyoisafisha kwa mswaki wa Namelok hatimaye imekubali kazi yangu. Nikapiga mluzi. Nilikuwa nimemwaga mkwe barabarani na napiga mluzi.

Niligeuza pale pale, nikaanza kuteremka.

Kigari cha pembeni cha watu wengine kina gurudumu moja. Kikichomoka, kinalala hapo hapo, abiria anachubuka goti, mnasameheana. Mimi, mtu wa bima, niliona gurudumu moja ni hatari. Niliweka manne, ya toroli, ili kigari kisimame chenyewe hata bila pikipiki. Juu yake nilifunga kochi la mtu mmoja, kwa sababu sikutaka mama wa watu akalie ubao. Kwa hiyo nilichokuwa nakitafuta kilimani siku ile ni kochi lenye magurudumu manne, limebeba mwanamke mwenye heshima zake, linarudi nyuma kuelekea Ngaramtoni bila breki wala usukani.

Kulikuwa na mzee mmoja anachunga ng'ombe kando ya barabara. Nilisimama, nikamwamkia, nikamwuliza kama ameona mama amepita.

Mzee alinitazama, akaitazama pikipiki, akatazama vyuma viwili vilivyokuwa vimening'inia ubavuni kama mikono isiyo na kazi. Akaniambia ndiyo, mama amepita. Amepita kinyumenyume, amekaa wima, mkoba mapajani. Nilimwuliza kama alikuwa analia. Mzee akasema hapana, alimsalimia. Alipotaka kuitikia, mama alikuwa ameshafika mbali. Yeye alidhani ni kitu cha wazungu wa mradi.

Nilimwacha akitaka kuniuliza habari za nyumbani.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, kwa hiyo alama zilionekana vizuri. Mistari ya magurudumu ilishuka katikati ya barabara, ikayumba, ikanyooka tena. Kwenye kona ilitoka barabarani, ikaingia kwenye kinjia cha katikati ya maharage. Nilizima injini nikaanza kuikokota pikipiki kwa miguu, maana kinjia kilikuwa na utelezi. Akili yangu ilikuwa inaandika maelezo ya ajali yenyewe, kwa mazoea ya kazi. Mhusika: mkwe. Chanzo: mkwe mwingine.

Ndipo simu ikaita. Namelok.

Wiki mbili alikuwa hapokei simu zangu. Siku hiyo alipiga mwenyewe. Niliiacha iite, ikakatika, ikaita tena.

Aliniuliza niko wapi, nikamjibu tuko njiani. Nilitumia wingi, Mungu anisamehe.

"Mama kanipigia sasa hivi," akasema.

Nilikaa chini katikati ya maharage ya mtu.

Namelok akaniambia mama yake yuko kwa shangazi Silantoi, na kwamba anakunywa chai. Alilisema neno chai taratibu, kama mtu anayeogopa litavunjika.

Inabidi mjue Silantoi ni nani. Ni dada wa marehemu baba mkwe wangu, mkunga aliyestaafu. Yeye na mama mkwe hawakuwa wamesalimiana tangu siku ya mazishi ya baba. Kanisani mmoja akikaa upande wa kwaya, mwingine anakaa mlangoni. Kwenye harusi yetu walipangiwa mahema tofauti. Wazee walijaribu, mchungaji alijaribu, wote walirudi nyumbani wamechoka. Na sasa mama mkwe alikuwa nyumbani kwa wifi yake, na kikombe mkononi.

Namelok akauliza, "Ezra, ni wewe uliyempeleka?"

Hapo mtu mwenye adabu angesema ukweli. Angesema, mke wangu, bolti zimekatika, mama yako ameteremka kilima peke yake, na alikofika ni Mungu aliyechagua. Lakini sauti ya Namelok ilikuwa laini. Sikuisikia hivyo tangu sufuria.

Nikasema ndiyo. Kisha, bila kuulizwa, nikaongeza kwamba jambo hilo nimekuwa nikilitafakari kwa muda mrefu.

Nikamsikia akipenga kamasi. Nikajua analia. Akasema sijui nilichokifanya, na kwa kweli nilikuwa sijui. Akasema anakuja huko huko kwa shangazi, anaondoka sasa hivi.

Nilisimama nikijipangusa, moyo mweupe, mimi mpatanishi wa koo. Nilikuwa nimekokota pikipiki hatua chache nilipokumbuka kochi.

Lilikuwa kochi la Namelok. Seti ya makochi ya rangi ya maziwa aliyoinunua mwenyewe kabla hatujaoana, anayoifunika kwa vitambaa alivyovifuma kwa mkono wake, ambayo wageni wanaombwa wasiikalie na jinzi mpya. Nilikuwa nimelitoboa mashimo sita na kulifunga kwenye fremu ya bomba za chuma. Namelok hakujua. Mpango wangu ulikuwa kulirudisha kabla hajarudi, nigeuzie mashimo ukutani.

Kwa hiyo nilikimbia. Mtu anayekimbia huku anasukuma pikipiki ya chuma cha zamani hapendezi, na ng'ombe wote wa upande ule waliacha kula ili wanitazame.

Boma la Silantoi lilikuwa mwisho wa kinjia. Kochi lilikuwa limeingia uani likasimama kwenye lundo la mabua ya mahindi, yale wanayowawekea ng'ombe wa maziwa. Halikuwa limevunjika hata mguu mmoja. Kitambaa cha kufuma bado kilikuwa mgongoni mwake, na ndama alikuwa anakitafuna upande mmoja.

Mama mkwe na Silantoi walikuwa wamekaa kwenye vigoda barazani. Wamekaa mbalimbali kidogo, kama watu wanaosubiri daktari mmoja. Macho ya wote wawili yalikuwa mekundu.

Niliwaamkia, nikainamisha kichwa. Nilipooa nilimpa mama mkwe kondoo, na tangu siku ile, kwa desturi yetu Waarusha, hatuitani majina. Yeye ananiita paker, nami namwita paker. Ni neno la heshima kati ya watu waliopeana kondoo. Siku hiyo nililitamka nikitamani kuingia chini ya lundo la mabua.

"Paker," akaniitikia. "Umefika."

Nikamwuliza kama ameumia. Akasema hapana. Nikaanza kumwomba radhi kwa maneno mengi ya ofisini, nikataja hitilafu ya kiufundi, akaniinulia mkono.

Akanieleza kwa utulivu. Aliposikia chuma kinalia alifikiri ni kawaida ya chombo. Kisha akaniona mimi nakwenda mbele na yeye anarudi nyuma. Aliniita mara moja tu, akaona nimeanza kupiga mluzi, akaacha. Alishika mkoba, akaomba. Kochi likateremka, likakunja kona lenyewe, likapita kwenye maharage, na alipofumbua macho alikuwa uani kwa wifi yake, na wifi yake amesimama mbele yake na ndoo ya maji.

Silantoi akasema naye hakuwa na la kufanya. Mtu akiingia nyumbani kwako amekaa kwenye kiti chake mwenyewe huwezi kumwambia hakuna nafasi.

Nilitaka kucheka, lakini hawakucheka. Mama mkwe aliitazama pikipiki niliyokuwa bado nimeishika.

Hapo ndipo nilipojifunza habari ya pikipiki ambayo nilikuwa nimeifungua na kuifunga miezi yote hiyo bila kumwuliza mtu ilitoka wapi. Nilijua tu ilikuwa ya marehemu baba mkwe, bwana mifugo, na kwamba ilikaa miaka bandani kwa kuku mpaka nilipoiomba. Silantoi alinyanyuka, akaja, akaweka kiganja juu ya tangi la mafuta. Akaniuliza kwa nini nimelipaka rangi ya chungwa. Video niliyojifunzia ufundi ilikuwa na pikipiki ya chungwa.

Kaka yake aliinunua, akasema, lakini aliyeiendesha zaidi ni yeye. Kila mama aliyeshikwa na uchungu pande hizi, kutoka msituni mpaka bondeni, alifikiwa kwa pikipiki hii. Kaka yake alipofariki aliiomba aendelee nayo. Wifi yake alikataa. Aliifungia bandani, akasema haitaguswa. Siku ya mazishi Silantoi akamwambia, mbele ya watu, kwamba anawawekea kuku chuma huku wanawake wanakufa.

"Nilisema hivyo," Silantoi akasema. "Na wewe ukaniambia sina mume wala mtoto, ndiyo maana natafuta cha kupanda. Mbele ya jeneza la kaka yangu."

Mama mkwe alikuwa anatazama kikombe. Alisema taratibu kwamba pikipiki ilikuwa inanuka kama mume wake, mafuta na dawa ya ng'ombe, na hakuweza kuitazama ikitoka langoni na mtu mwingine juu yake. Miaka ilipopita harufu ikaisha, kuku wakaimaliza, lakini aibu ilikuwa imeshakuwa kubwa. Ndipo akampa mkwe wake asiyejua lolote. Hapo alinitazama.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alikubali kupanda kile kigari si kwa sababu alikiamini. Alikuwa mzima wa akili, na macho yake yaliziona zile bolti. Alikubali kwa sababu njia yangu ingepita kwenye kona ya Silantoi, naye alitaka aone kama akifika hapo na pikipiki ile atapata moyo wa kuniambia nisimame.

"Tulipita kona," akasema. "Sikusema kitu. Nisingeshuka, paker. Bolti zako zimenishusha."

Sijui kama mnaelewa mtu anavyojisikia anapoambiwa kwamba kazi yake mbovu kabisa ndiyo iliyofanya jema. Nilijisikia kupewa cheti cha kufeli kilichopigwa muhuri wa dhahabu.

Lakini sikuwa na muda wa kukisoma. Bodaboda ilikuwa inalia kule barabarani, na niliijua sauti ya mtu anayeagiza dereva apunguze mwendo.

Niliegesha pikipiki nikaenda kwenye lile lundo. Nikamfukuza ndama. Nikaanza kulifunika kochi kwa mabua, mikono miwili miwili, haraka, nikiwa na nia ya kumwambia Namelok kwamba ni chakula cha ng'ombe. Wale mama wawili walinitazama bila kunisaidia. Nilikuwa nimefunika mgongo na mkono mmoja wa kochi, kumbatio zima la mabua kifuani, nilipoona viatu vya mke wangu.

Alikuwa amevaa kitenge cha bluu na sweta langu. Sweta langu, nililifahamu, na hata katika hali ile nililiona ni habari njema. Aliwapitia kwanza mama zake, akawasalimu mmoja mmoja, akawashika mikono wote wawili. Alipogeukia kwangu uso wake ulikuwa umelowa na unang'aa, na alikuwa anataka kunishukuru. Ninaapa alikuwa amefungua mdomo anishukuru.

Akaliona kochi.

Alisogea. Akaondoa bua moja, la pili. Akaona kitambaa chake kilichotafunwa. Akapitisha kidole juu ya tundu la bolti, kisha kwenye bolti ya fremu iliyokatika katikati, bado ina grisi.

"Hiki ni kiti changu," akasema.

Nikasema ndiyo.

Akatazama magurudumu ya toroli. Akatazama mistari kwenye maharage, akaifuata kwa macho mpaka kwenye kona na kule juu kilimani. Akamtazama mama yake. Nilimwona anavyopiga hesabu, na nilijua itakuja sahihi, maana kwetu mwenye kichwa cha hesabu ni yeye.

"Mama, ulifikaje hapa?"

Mama mkwe akanywa chai kidogo.

"Nilishuka mapema," akasema.

Namelok hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Aliniuliza kama nilikuwa nimelitafakari hilo nalo kwa muda mrefu. Nikamwambia ukweli wote, pale pale, na mabua yangu kifuani: mluzi, kabureta, mswaki wake, mzee wa ng'ombe, uongo wa kwenye simu. Nilipofika kwenye mswaki alifumba macho. Nilipomaliza, Silantoi akasema jambo moja halijaelezwa bado. Pikipiki ni yake, na kwa kuwa leo wameshasameheana yeye na wifi yake, anaomba aachiwe. Mama mkwe akasema alishampa mkwe. Namelok akasema mkwe mwenyewe hastahili kupewa hata baiskeli. Nikajikuta naitetea pikipiki kwa watu watatu waliokuwa sahihi.

Tulikuwa katika mabishano hayo watu walipoingia uani kwa kasi. Mbele alikuwa Parsimei, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mrefu mwenye koti la mvua, na nyuma yake vijana wanne.

Nilijua yamenifika. Kule chini njiapanda watu walikuwa wameniona napanda na mama kwenye kochi. Mzee wa ng'ombe ameniona narudi bila mama. Habari za namna hiyo zinatembea upesi kuliko pikipiki. Niliyaweka chini yale mabua, nikanyoosha shati.

Parsimei hakuamkia mtu. Alizunguka pikipiki, akalitazama kochi, magurudumu, vyuma.

"Chombo hiki ni cha nani?"

Muda mfupi uliopita kilikuwa na wenyewe watatu. Sasa Silantoi alitazama paa. Mama mkwe alitazama kikombe. Nami nilivuta pumzi niseme ni changu, na kwamba wale mama hawahusiki.

"Ni chetu," Namelok akasema. "Changu na mume wangu."

Alisema akiwa amesimama karibu nami, na hakunitazama. Nimeuza bima miaka mingi na kusoma maneno mengi ya dhamana, lakini hakuna lililonishika kama hilo. Ningeweza kulala kwenye mabua yale nikafa kwa amani.

Parsimei akavua kofia. Akasema anashukuru Mungu, kwa sababu amekuja kukiomba.

Kulikuwa na binti kule juu, Hope, mimba yake ya kwanza, uchungu umemshika tangu jana. Walikuwa wameita gari, gari limezama kwenye tope la bondeni na halitoki. Bodaboda zipo, lakini Hope hawezi kukaa juu ya bodaboda, hawezi hata kukunja mguu. Watu walikuwa wanamleta kwa mikono, kwenye kitanda. Parsimei alisikia kwamba kuna mtu amepita na kiti cha sofa kwenye pikipiki. Pale gari lilipozama, akasema, pembeni pana nafasi ya kutosha chombo hiki kupita. Amekwisha kupatazama.

Wote wakanigeukia. Ni kitu nilichokiota tangu siku ya kwanza nilipoweka injini juu ya meza: watu wa heshima wamesimama uani wakinihitaji mimi na pikipiki yangu. Nilikuwa hata nimefikiria nitasimamaje.

"Msimpandishe," nikasema. "Kimemwangusha mtu leo. Sikukifunga vizuri. Sijui kufunga vizuri."

Ng'ombe alikohoa bandani.

"Ungekuwa unajua, ungekifungaje?" Namelok akauliza.

Nikamwambia bolti nilizotumia ni nyembamba, za kitanda. Zinatakiwa nene, tatu upande huu na tatu ule, na chuma cha kushikilia kwa juu ambacho mimi nilikiacha kwa sababu kilikuwa kinaharibu umbo.

Silantoi akaenda nyuma ya nyumba, akarudi anaburuta plau ya kulimia kwa ng'ombe. Bolti zake zilikuwa nene kama kidole gumba. Vijana wakaanza kuzifungua. Namelok alikunja mikono ya lile sweta, akapiga magoti kwenye tope, akashika kichwa cha bolti kwa spana huku mimi nakaza nati upande wa pili. Hatukuwahi kufanya hivyo pamoja. Miezi yote ile alipita pembeni ya meza akiziba pua, nami sikuwahi kumwuliza hata mara moja kama angependa kushika spana. Nywele zake zilikuwa karibu na uso wangu. Aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mswaki nitaulipa. Nikasema nitaulipa. Akaniambia nikaze zaidi.

Chuma cha juu tulikipata kwenye lango la zizi. Tulipokifunga, Parsimei alikaa kwenye kochi, mtu mzima na koti lake, akaruka ruka, vijana wakatikisa pikipiki kwa nguvu zao zote. Kigari hakikucheza.

Kitanda kikafika. Hope alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyodhani, ameuma upindo wa kanga. Silantoi akawafukuza wanaume wote wageukie maharage, akainama chini ya shuka. Nilimsikia anaongea na yule binti kwa Kimaasai, maneno mepesi, kama anamsimulia habari za sokoni. Aliponijia uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mtoto ametanguliza mguu," akasema. "Hapa simuwezi. Anahitaji hospitali, na anaihitaji sasa."

Nilimpa ufunguo. Niliona ndiyo haki, pikipiki ni yake na wagonjwa ni wake. Akaurudisha kiganjani mwangu. Magoti yake hayana nguvu tena ya kuishikilia, akasema, na mikono yake itakuwa na kazi nyingine. Yeye atakaa nyuma yangu, mkono mmoja kwa Hope.

Namelok alimfunga Hope kwenye kochi kwa kanga mbili, fundo juu ya fundo. Mama mkwe aliweka mkoba wake chini ya kichwa cha binti. Nikapiga kiki. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili ikakohoa, ikawaka, moshi ukajaa ua mzima, na hakuna aliyeziba pua.

Sijawahi kuendesha hivyo maisha yangu yote. Niliteremka polepole, kila jiwe nikiliomba radhi kabla sijalifikia. Kigari kilikuwa kimeng'ang'ania ubavuni kama kimezaliwa na pikipiki yenyewe. Hope akilia, Silantoi anamjibu. Sikupiga mluzi.

Tulipokunja kona ya mwisho kabla ya bonde nililiona gari, limezama mpaka milangoni, limelala upande wa kulia wa barabara kama Parsimei alivyosema. Lakini nafasi aliyoipima haikuwepo tena. Watu wenye nia njema walikuwa wameleta fahali wawili kulivuta, na fahali walikuwa wamesimama hapo hapo penye nafasi, kamba imekazwa kutoka shingoni mwao hadi kwenye gari, usawa wa kifua changu. Kushoto kwao mtaro ulishuka moja kwa moja mtoni. Watu walitusikia wakatawanyika wakipiga kelele. Fahali waligeuza vichwa tu.

Nikaachia mafuta. Nikaanza kubana breki.

Ndipo Hope alipotoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa binadamu, na mkono wa Silantoi ukanishika bega, vidole vimezama nyamani, na mdomo wake ukaja sikioni kwangu.

"Mkwe," akasema, "usisimame."

Itaendelea Jumamosi ijayo.